Dakika Arobaini Kutoka Nduli Hadi Songwe

Ninyi vijana mnaokaa kaunta siku hizi mna bahati na hamuijui. Abiria akiuliza, "Kaka, kutoka Songwe hadi Nduli ni muda gani?" mnainamia simu, mnagusa mara mbili, simu inajibu. Ikikosea, imekosea simu. Enzi zangu alikosea mtu, na mtu huyo alikuwa na sare, ana jina kifuani, na abiria walijua anakokaa. Mara nyingi mtu huyo alikuwa mimi.

Nilianza kubeba mizigo kile kiwanja cha zamani cha Mbeya mjini, nikapelekwa Iringa kukaa kiwanja cha Nduli miaka miwili, kisha nikarudi Mbeya kiwanja cha Songwe kilipofunguliwa, nikakaa huko hadi nikastaafu. Nimepakia mabegi ambayo ukiyapanga moja juu ya jingine yanaupita Mlima Loleza na kuanza kuwasumbua malaika. Nimepakia parachichi, viazi, magitaa, na kuku mmoja aliyefichwa kwenye mkoba wa mama mmoja wa Kalenga, akataga yai angani. Mama yule aliposhuka alitaka kujua yai limezaliwa mkoa gani. Nikamwambia Usangu, kwa kuwa ndege inapita juu ya Usangu na Wasangu hawakuwepo kukataa.

Elimu yangu niliipata kwa masomo ya jioni, pale Ilomba, Mbeya mjini, nikiwa na watoto watatu na kitambi kinachochipukia. Nakaa dawati moja na mtu aliyesoma na mwanangu! Lakini nilifaulu. Jiografia nilipata alama ambayo mwalimu aliitazama mara mbili. Na ni hiyo jiografia iliyoniponza.

Mwalimu alitufundisha kupima umbali kwenye ramani kwa rula. Juma lililofuata akafundisha kupima kwa uzi. Kile kipindi cha uzi mimi sikukihudhuria, ndege ilichelewa na mizigo ilikuwa inanisubiri. Kwa hiyo nikabaki na nusu ya elimu, na mwenye nusu ya elimu ana kelele kuliko asiye nayo kabisa. Jumatatu nikaingia kazini na rula yangu, nikapima Songwe hadi Nduli, nikakata boksi, nikaandika kwa kalamu nene: KILOMITA MIA TATU. Nikalibandika ukutani, nikarudi nyuma hatua tatu kulitazama kama msanii.

Boksi lile lilikaa siku nne. Siku ya tano alipiga simu bwana mmoja wa Chimala aliyekuwa na gari lake dogo. Alikuwa amesoma bango langu, akaweka mafuta ya kilomita mia tatu na tone moja la heshima, akaondoka Songwe kwenda Nduli. Gari likamzimikia Tanangozi, Iringa anaiona kwa mawazo tu.

"Wewe mwenye bango!" akaniambia kwenye simu. "Njoo unisukume!"

Hapo ndipo Bi Atupele aliponiita. Bi Atupele alikuwa mkuu wetu wa zamu, mama mfupi wa Tukuyu, mwenye sauti ya chini ambayo ilikufanya utamani angepiga kelele. Hakunifokea. Alivuta uzi kwenye upindo wa kitenge chake, akaulaza juu ya ramani taratibu, ukafuata barabara kila kona: Mbalizi, Uyole, Chimala, Makambako, Mafinga, ukapanda Iringa hadi Nduli. Akaunyoosha kwenye rula yangu. Ukasoma kilomita mia tatu na sabini hivi.

"Umeziona hizi sabini?" akasema. "Humo ndimo watu wanamoishi. Ndege haiwaoni, na wewe kwa kuwa umevaa sare ya ndege umeacha kuwaona."

Akanifundisha jambo ambalo hakuna shule ya jioni wala ya asubuhi iliyonifundisha. Mtu akikuuliza muda, usimjibu. Kwanza muulize anatoka mlango gani, anaingia mlango gani, na amebeba nini. Ndipo ufungue mdomo.

Nilimwitikia, "Nimekuelewa, dada." Sikuelewa hata chembe. Mimi nilikuwa napenda jibu zuri, na jibu zuri kuliko yote lilikuwa kwenye ratiba: dakika arobaini. Nduli hadi Songwe, dakika arobaini angani! Nilikuwa nalitamka kama mtu anayemwaga asali. Wenzangu wakaniita Bwana Dakika, nami nikaitika.

Sasa niwaambie kisa cha jembe.

Tulikuwa na mwenzetu pale Songwe, Fidelis, karani wa mizigo, Mhehe wa Igowole kule Mufindi. Kijana mpole, anaomba radhi hata kwa begi analoliangusha. Fidelis alimpenda Neema, binti wa Ilomba, mtaa wa pili kutoka kwangu. Neema naye alimpenda. Tatizo lilikuwa mlinzi wa mlango, yaani mjomba wa Neema, Mzee Ambakisye, aliyeendesha malori barabara ya Tunduma na Dar kwa miaka ambayo yeye mwenyewe alikuwa ameacha kuihesabu. Mwenye neno la mwisho pale nyumbani alikuwa yeye.

Kwa desturi ya kina Fidelis, baba mtu anakuja kuposa na jembe mkononi. Jembe lisilo na mpini, chuma kitupu, limefungwa kwenye kitenge. Halitumwi kwa basi, halipewi jirani, haliwekwi chini hadi lipokelewe. Na baba yake, Mzee Kihwele, alikuwa ameshaahirisha mara mbili: mara ya kwanza msiba, mara ya pili Fidelis mwenyewe alikosa ruhusa kazini. Mjomba akatuma ujumbe wa tatu, nami nilikuwepo ulipofika.

"Jumamosi, saa sita kamili mchana. Saa ikipita, nitajua mnatuchezea. Mlango nitaufunga na binti asiulizwe tena."

Fidelis akawa mweupe, kwa kadiri Mhehe anavyoweza kuwa mweupe. Mzee Kihwele, kwa simu, alikuwa na mpango wake mzuri tu: alale Nyororo, pale njia ya Igowole inapokutana na barabara kuu, alfajiri adake basi la kwanza kwenda Mbeya, saa nne asubuhi awe Uyole, pale mtu anapoingilia Mbeya. Ni mpango wa mtu mzima mwenye akili.

Nikamnyang'anya Fidelis simu. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Baba, utakwenda kuposa kwa basi? Wewe? Mtoto wako anafanya kazi kiwanja cha ndege! Nenda Nduli upande ndege, ile mapangaboi. Dakika arobaini tu, uko Songwe, unashuka na koti halijakunjika."

"Arobaini?"

"Arobaini, baba. Hata chai hawamalizi kugawa."

Mnaiona ile ramani kichwani? Igowole iko njiani kwenda Mbeya. Mimi nikamtoa mzee kule, nikamrudisha nyuma nusu siku nzima hadi Iringa, alale Kalenga kwa dada yake, ili asubuhi arushwe hadi Songwe, ambako ni kuipita Mbeya yenyewe, halafu arudi tena Ilomba. Bi Atupele angekuwepo angeng'oa uzi wote wa kitenge. Lakini hakuwepo, alikuwa likizo hadi siku ile ile ya Jumamosi, na Bwana Dakika alikuwa anatawala.

Jumamosi asubuhi simu ya kwanza ikatoka Nduli. Mzee alikuwa kwenye ukaguzi.

"Mwanangu, huyu binti wa ukaguzi anasema jembe haliingii ndani ya ndege."

"Ni kweli baba, ni chuma chenye makali. Litakwenda kwenye buti, chini."

"Mimi juu, jembe chini?"

"Dakika arobaini tu, baba."

Nikasikia akimwambia yule binti, "Binti yangu, hilo ni mke wa mtu. Lilaze vizuri." Naye binti wa watu, namshukuru hadi leo, akalifunga tena kwenye kitenge chake na kulibeba mwenyewe.

Ndege ikaruka saa moja. Nami nikatoka nje pale Songwe kuipokea, nikanyoosha mkono mbele, sikuuona mkono.

Ukungu. Mliokulia Mbeya mnaujua. Asubuhi ile ulikuwa mzito kiasi kwamba mbwa mmoja alipita ameuegemea. Niliisikia ndege juu yetu ikizunguka, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni. Halafu sauti ikaanza kupungua. Ikapungua upande wa Iringa.

Fidelis alikuwa amesimama kando yangu, ameshika shati lake jipya kifuani. Angenitukana ingekuwa nafuu.

Bi Atupele alikuwa ameingia zamuni. Nilimweleza yote. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Ulimuuliza anatoka mlango gani?"

"Hapana, dada."

"Mlango gani anaingia?"

"Hapana."

"Amebeba nini, angalau?"

"Hilo nilijua."

Saa tatu kasoro mzee akapiga simu. Yuko Nduli tena, mguu uleule, mlango uleule, jembe mkononi. "Mwanangu," alisema kwa upole ulionikata, "nimepanda ndege, nimeona mawingu mazuri sana, na nimeshukia pale nilipopandia. Sasa wanasema tusubiri ukungu uondoke. Nisubiri au nikodi gari?"

Vijana, hapo ndipo kazi yetu ilipo. Siyo kutabasamu kaunta. Ni pale mtu anapoweka jambo lake zima mkononi mwako na kukuuliza: nisubiri au niende? Nikamtazama Bi Atupele. Akasema, "Ukungu unaweza kuondoka sasa hivi, unaweza kuondoka saa nane. Barabara haiondoki." Nikamwambia mzee akodi gari. Saa tatu na robo akaondoka Nduli.

"Na wewe," Bi Atupele akaniambia, "vua sare, nenda Ilomba ukamwambie mjomba kwa mdomo wako. Fidelis asiende kubeba uongo wako."

Nilikwenda. Njiani, karibu na Mbalizi, jua likapenya, na ukungu ukaondoka kama haujawahi kuzaliwa. Wakati huohuo simu ikaita.

"Mwanangu, niko Ifunda. Kuna ndege inanguruma kule mkono wa kulia, inaelekea kwenu. Ni ile ile?"

Ilikuwa ile ile. Nilipiga hesabu upesi: hata angekuwa ndani yake, kushuka Songwe, kusubiri jembe, foleni ya Mbalizi hadi Ilomba, saa sita ingekuwa imeshampita. Nikagundua kwamba tangu mwanzo, hata ukungu usingekuwepo, nilikuwa nimemzungusha mzee siku nzima badala ya basi moja la alfajiri. Nilitamani ukungu urudi unifunike.

Mjomba Ambakisye nilimkuta sebuleni amevaa koti, saa ya ukutani ameiondoa ukutani na kuiweka mezani mbele yake, inatazama mlango. Jikoni kina mama wanapika, harufu ya ndizi imejaa nyumba nzima. Neema alichungulia mara moja, akaniona niko peke yangu, akarudi ndani.

"Ugonile, mjomba," nikamwamkia kwa lugha ya kwetu, yaani umelalaje.

"Nimeamka mwenyewe. Wako wapi?"

Saa mezani ilikuwa inaelekea sita. Simu yangu ikaita tena, nikaiweka sauti ya nje ili naye asikie, kwa kuwa sikuwa na ujasiri wa kusikia peke yangu.

"Mwanangu, saa sita hii. Nipo Nyororo."

Mjomba akageuza shingo. "Nyororo? Si ndiyo njia ya kwao?"

"Ndiyo, mjomba."

"Kwa hiyo ndiyo kwanza anatoka nyumbani?"

"Hapana, mjomba. Alitoka jana asubuhi. Amekwenda Iringa, amelala Kalenga, amepanda ndege, amerudi Nduli, sasa amefika tena pale alipokuwa jana."

Jikoni mtu akaangusha mwiko. Mjomba akanitazama muda mrefu. "Nani alimpa njia hiyo?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

Ningeweza kusema ukungu. Ukungu haujitetei. Nikasema, "Nilimwambia dakika arobaini, mjomba. Nilijua si kweli mlango kwa mlango. Nilipenda tu jinsi inavyosikika."

Akakuna kidevu. Mzee huyu alikuwa amedanganywa barabarani na watu wa aina zote, na nadhani hakuna aliyewahi kumwambia hivyo usoni. "Kaa," akasema. Nikakaa. "Saa sita imepita. Kwa haki, nimefunga. Lakini mzee wa watu amehangaika kwa mdomo wako, kwa hiyo ataingia kwa mdomo wako. Niambie saa anayofika hapa mlangoni. Siyo Uyole. Hapa. Usipoipata, mlango umefungwa na tusijuane. Ile barabara naijua kuliko mke wangu, usinichezee."

Nilitamani kalamu, nilitamani uzi, nilitamani Bi Atupele. Nikafumba macho, nikaitembea barabara. Nyororo hadi Makambako, malori. Makambako, lazima ale, ni mzee, hajala tangu chai ya ndege. Foleni ya mizani. Igawa. Vile vijiji vya kwenda hamsini, na askari amekaa kivulini anasubiri wanaokwenda hamsini na moja. Chimala, Igurusi, kisha Mlima Nyoka na malori yanayopanda kama yanakwenda kuungama. Uyole. Halafu kona ya kuingia kwetu, ambako dereva mgeni lazima apotee mara moja. Nikaongeza salamu, maana Mhehe akishuka popote haulizi njia kabla hajauliza habari za watoto.

Ikatoka saa kumi na dakika thelathini na tano. Ilitoka safi, niliiona kama imeandikwa. Na sasa nisikilizeni vizuri: nikaogopa. Maisha yangu yote nilikuwa napunguza muda ili watu wafurahi. Siku ile nikafungua mdomo, nao ukaongeza wenyewe.

"Saa kumi na moja na robo," nikasema.

"Kumi na moja na robo," mjomba akarudia, akikaza kila neno. "Nimesikia."

Tukakaa. Sijawahi kukaa hivyo. Wakanipa chai, nikaikoroga hadi ikapoa. Fidelis akafika kutoka kazini, akakaa kwenye ukingo wa kiti kama abiria asiye na tiketi. Mzee akapiga simu yuko Makambako, anakula. Akapiga yuko Chimala. Nikaanza kuomba foleni, halafu nikaomba kusiwe na foleni, nadhani huko juu walichoka nami.

Saa kumi na dakika thelathini na tano, honi ikalia getini.

Fidelis akaruka. Mjomba hakutikisika. Akaitazama saa, akanitazama mimi.

"Nani huyo?"

"Ni Mzee Kihwele, mjomba! Amefika!"

"Hapana. Mzee Kihwele anafika saa kumi na moja na robo. Umesema mwenyewe. Huyo ni mtu mwingine."

"Mjomba..."

"Umenipa saa, nimeipokea. Au ulinidanganya tena?"

Kina mama jikoni walicheka hadi wakashikana. Nikatoka nje peke yangu. Mzee Kihwele alikuwa amekaa kiti cha mbele, mlango wa gari wazi, koti lake limekunjika kote ambako koti linaweza kukunjika, jembe mapajani.

"Kamwene, baba," nikamsalimu kwa Kihehe.

"Kamwene. Nimechelewa?"

"Hapana, baba. Umewahi."

"Nimewahi?" Akalitazama geti lililofungwa. "Mtu anawahi kiasi gani hadi anafungiwa nje?"

Nikainama. "Dakika arobaini, baba."

Akalipapasa jembe. Kisha akaanza kutikisika mabega, nikadhani analia, kumbe anacheka, anacheka hadi dereva wake naye akaanza bila kujua sababu.

"Kwa hiyo kweli zipo," akasema akijifuta macho. "Nimezitafuta tangu jana. Nilidhani umezitunga."

Hazikupita dakika kumi, geti dogo la pembeni likafunguka, mjomba akatoka na kigoda na vikombe viwili. "Mlango haujafunguliwa," alisema, kama kuna aliyemuuliza. "Nimetoka kupunga upepo. Eti, pale mizani foleni ilikuwaje?" Wakaanza. Wakaongelea kona za Mlima Nyoka, matairi, mvua za Makambako na mtu aliyeuza mahindi mabichi pale Igawa ambaye wote wawili walimjua. Jembe halikuwekwa chini hata mara moja, chai mzee aliinywa kwa mkono mmoja.

Ilipobaki dakika moja, mjomba akasimama, akabeba kigoda chake, akaingia ndani na kufunga. Mzee Kihwele akashuka garini, akanyoosha koti.

"Hodi hapa!"

"Mnatoka wapi?" sauti ya mjomba ikauliza nyuma ya geti, nzito, kama hajawahi kumwona mtu huyu.

"Igowole."

"Na mmetumia muda gani?"

Mzee Kihwele akanigeukia, akanipisha.

"Siku moja na nusu, mjomba," nikasema. "Mlango kwa mlango."

Akafungua.